Dirisha la Barabarani na Dirisha la Uwanjani

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu, na ninyi vijana wa mipango miji mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asanteni. Habari za moshi sitawaeleza. Mmekuja hapa kwa Barabara ya Mandela au ya Morogoro, mmekaa foleni Ubungo, mnaujua. Leo nasema shule na zahanati zikae umbali gani na moshi huo, na naanza na leso.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, inayotazama barabara ya malori. Jina silitaji, maana shule za namna hiyo ni nyingi, na walimu wake hawakuchagua kiwanja. Niliitwa kama mpanga miji, kwa mgogoro wa mpaka. Tukawa tunatafuta bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, mimi na mwalimu mkuu, jua likatuzidi, tukaingia darasa la tatu. Darasa lina madirisha pande mbili. Upande mmoja ni barabara, upande wa pili ni uwanja wenye mwembe. Yote yana wavu wa mbu. Wavu wa uwanjani ulikuwa na vumbi la kawaida, ukiupiga kwa kiganja linadondoka. Wavu wa barabarani ulikuwa mweusi, vitundu vyake vimeziba nusu. Nikapitisha leso yangu nyeupe mara moja tu.

Leso ile niliifua kwa maji, haikutoka. Nikaifua kwa sabuni ya mche, ikabaki na kivuli. Vumbi hukung'utwa, lakini masizi ya dizeli yana mafuta, yakishika yameshika. Na hayo ni yale makubwa yaliyonasa kwenye waya. Yanayopita ni chembe ndogo sana. Unene wa unywele mmoja ni kama chembe 30 za mikroni 2.5, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, zikipangwa bega kwa bega. Zile hazikwami kwenye wavu wala puani, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Nikamuuliza mwalimu, huku dirishani unamkalisha nani? Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la kila siku: "Wenye pumu nawahamishia upande wa mwembe, mzee. Wakikaa huku wanakohoa mpaka saa nne." Mwalimu yule hajasoma mipango miji hata siku moja, lakini alikuwa anaifanya kazi yetu kwa madawati, kwa sababu sisi hatukuifanya kwenye mchoro. Na darasa lenye watoto wengi namna ile, upande wa mwembe unatosha wangapi?

Subirini, sijamaliza. Tulipotoka nikahesabu hatua kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa darasa. Hatua 34. Kisha nikazunguka nyuma ya shule, upande ulio mbali na barabara. Mnajua kulikuwa na nini? Ghala la saruji na yadi ya matofali! Ghala halina mapafu. Ghala ndilo linalohitaji lori lifike mlangoni. Lakini ghala ndilo lililopewa hewa safi, watoto wakapewa barabara. Mtu alikaa mezani na rula akachora hivyo. Na mimi kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 30, nimechora shule mbele ya barabara kuu, zaidi ya moja, kwa sababu tulifundishwa kwamba huduma za jamii ziwe mahali panapofikika. Hakuna aliyetuuliza hewa itatoka wapi. Ndiyo maana nalirudia hili kila ninapopewa kipaza sauti, na nitalirudia tena.

Kuna watakaosema, mzee, hewa ya mji ni moja, ukisogeza shule mita 100 umefanya nini? Umefanya kubwa. Vumbi laini kwa jumla linatapakaa mji mzima, hilo nakubali. Lakini masizi, chembe ndogo kabisa na gesi ya nitrojeni dioksidi itokayo kwenye ekzosi hupungua haraka kadiri unavyoondoka barabarani. Mita 100 au 150 za kwanza ndizo zenye mteremko mkali, na ukifika kati ya mita 150 na 300 mchana wenye upepo unakaribia hewa ya kawaida ya mtaa. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia, moshi unakwenda mbali zaidi ya hapo. Na watoto wetu wanaingia shule saa ngapi? California walitunga sheria mwaka 2003 inayozuia shule mpya ndani ya futi 500 za barabara zenye magari mengi, yaani kama mita 150, isipokuwa kwa masharti magumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha chembe za mikroni 2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo. Ukiishi kando ya lami ya malori, usijidanganye kwamba uko chini ya 5.

Sisi kupima mita kutoka barabarani tunajua sana! Nani hapa haijui X nyekundu ya nyumba inayotakiwa kubomolewa? Sheria ya Barabara ya 2007 imetoa hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Kimara mwaka 2017 wakavuka hapo, ikahesabiwa mita 121.5, hadi nusu mita ikahesabiwa. Mita zote hizo ni za njia za magari, mitaro, mabomba na nyaya. Basi futi kamba ile ile, mpimaji yule yule, ahesabu na za kupumua.

"Watu wenyewe wanataka lami." Najua. Dalali akikwambia kiwanja kinagusa lami, bei inapanda hapo hapo. Sisemi mbele kusijengwe. Mbele ziwekwe fremu za maduka, maegesho, maghala, ofisi. Shule, zahanati, vituo vya kulelea watoto, wodi na vyumba vya kulala virudi nyuma. Na msinielewe vibaya kwamba nataka mama ntilie na wamachinga wafukuzwe barabarani. Wao wanavuta moshi ule kutwa nzima, na dawa yao si mgambo, ni kuwapa nafasi iliyorudi ndani kidogo ambako wateja bado wanapita. Wala sipingi kujenga karibu na vituo vya mwendokasi. Jengeni, watu wapande basi waache magari. Ila chumba cha mtoto kielekee uani. Bibi zetu waliojenga nyumba za Kiswahili waliujua uani kabla yetu.

"Magari ya umeme yanakuja." Yaje. Petroli ya risasi iliondoka kusini mwa Sahara mwaka 2006, na salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki ikashushwa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Yote hayo yalisaidia. Lakini gari la umeme nalo lina matairi na breki, vyote vinasagika, na lori kuukuu halitoki barabarani kesho. Shule ukishaijenga inakaa miaka 50.

Pale London kulikuwa na mtoto, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara ya South Circular huko Lewisham. Alikuwa na pumu. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Ilibidi mama yake ahangaike miaka hadi Desemba 2020, ndipo afisa wa uchunguzi wa vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha mwanawe. London yenye vipimo kila kona ilichukua karibu miaka minane kwa mtoto mmoja. Hapa kwetu cheti kinaandikwa pumu, tunazika.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilitaka kuzungumzia Kariakoo, jinsi maghorofa kwenye mitaa iliyopimwa kwa nyumba za chini yanavyofungia moshi katikati, lakini hilo lina mhadhara wake. Miti: uzio mnene wa michongoma kati ya barabara na shule unasaidia, ila miti mikubwa iliyofunika mtaa mwembamba inaweza kuuzuia moshi usipande. Tathmini ya athari kwa mazingira: mkiletewa ya barabara, msiridhike na vumbi la wakati wa ujenzi, ulizeni habari ya moshi wa miaka 20 baadaye.

Ninaloomba leo ni dogo. Waheshimiwa, mchoro wa shule au zahanati ukiletwa kwenye kamati, kabla ya kuuliza bajeti, ulizeni ni mita ngapi kutoka ukingo wa lami, na nyuma yake kuna nini. Kama nyuma kuna ghala, urudisheni.

Yule dada wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja fremu. Mpeni kipaza sauti.