Dizeli haifi? Tuongee ukweli kidogo

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Leo nimekuja na vitu viwili tu, mkono wa kulia nina plagi ya gari ya petroli, kushoto nina nozeli, kile kipua cha kupuliza mafuta kwenye silinda, ya dizeli ya kisasa, zile za komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalozigawia nozeli zote mafuta. Plagi ikifa injini inamisi, gari inatetemeka kama ina homa, unanunua nyingine unafunga mwenyewe, imeisha hiyo. Nozeli ikifa... ngoja, tutafika.

Swali nililopewa ni lile lile ambalo fundi anaulizwa hata akiwa kwenye harusi ya mtu, petroli na dizeli ipi inadumu? Na anayeuliza ana jibu lake tayari, dizeli chuma bwana, dizeli haifi. Mi sibishi kwamba hayo maneno yalikuwa ya kweli, ninachobisha ni kwamba watu wameyatoa kwenye injini za zamani wakayabandika kwenye hizi za leo.

Ya zamani ilikuwa ngumu kwa sababu zake. Dizeli haina plagi ya kupiga cheche, inaibana hewa mpaka inakuwa ya moto sana halafu mafuta yakipulizwa mle ndani yanawaka yenyewe, ndo akili ya Rudolf Diesel, injini yake ya kwanza iliyofanya kazi kweli ni ya 1897 kule Ujerumani. Sasa huko kubana, petroli ya kawaida inabana mara 9 hadi 12 hivi, dizeli inaenda 15 mpaka 22, na kitu kinachobana namna hiyo ukikiundia chuma chembamba kinapasuka, kwa hiyo bloku nene, kranki nene, konrodi nene. Halafu haikimbizwi. Petroli unaipeleka mizunguko 6000 kwa dakika na bado inaimba, dizeli ikifika 4500 ishaomba gia zamani. Na mafuta yake yana utelezi, yanalainisha pampu, wakati petroli ni kavu, asubuhi injini ikiwa ya baridi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ongeza kwamba zile za zamani hazikuwa na kompyuta, hazikuwa na sensa, nyingi hata tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, hazina, chukua kama 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, hiyo hata moshi ukibadilika rangi inaendelea tu kusukuma.

Ila hata hapo tupunguze chumvi. Kuna ile Mercedes 240D ya dereva teksi wa Ugiriki iliyotembea kilomita milioni 4.6 mpaka kampuni ikaichukua 2004 kuiweka makumbusho, kila mtu anaitaja kama ushahidi. Gari ilitembea kweli. Wanachokiruka ni kwamba haikuwa injini moja, zilikuwa zinapokezana, hii ikichoka inashushwa inafanyiwa ovahoo, yaani inafunguliwa yote na kutengenezwa upya, na nyingine inapanda. Mi sifa naona apewe yule dereva, alijua kuishusha kabla haijamshusha yeye njiani.

Sasa turudi kwenye hii nozeli. Gari ndogo ya kwanza kuuzwa na komoni reli ni Alfa Romeo 156, mwaka 1997, na tangu hapo dizeli ikawa mnyama mwingine. Angalieni hii ncha, mkiisogeza kwenye mwanga mtaona vitundu, kila kimoja kama sehemu ya kumi ya milimita, yaani kimezidi unene wa unywele kidogo tu. Kwenye hivyo vitundu mafuta yanapita kwa presha ya baa 2000 na zaidi, tairi la gari yako lina baa 2 na kitu, piga hesabu mwenyewe. Na inafungua na kufunga mara kadhaa kwa kila mlipuko mmoja. Kitu cha hivyo ukikipa maji au vumbi kidogo tu kwa sababu hukubadilisha filta ya dizeli, kinakwanguka, na kikianza kutiririsha badala ya kupuliza kinaweza kutoboa pistoni. Hapo bloku yako nene bado nzima, lakini gari haitembei!

Hilo ndo nataka mliondoke nalo mapema, maana wengine mnaangalia saa: chuma cha dizeli bado kigumu, vilivyoning'inizwa juu yake ndo vinakufa. Tabo, vali ya kurudisha moshi, flaiwili ya vipande viwili, lile gurudumu zito la kutuliza mtetemo wa injini, na yule mkubwa wao, chujio la masizi kwenye eksozi. Lile chujio linajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la digrii kama 600, na joto hilo linahitaji mwendo, barabara ndefu. Mi mwenyewe nilishawahi kuwa na gari ya dizeli ya safari za dakika kumi kumi, fundi mzima, najifanya nabana matumizi, chujio likaziba mpaka gari ikakataa kuvuka kasi ya baiskeli. Pesa niliyookoa kwenye mafuta yote ilienda pale na nyingine ikafuata.

Kuna mtu anacheka hapo mbele, nadhani yupo upande wa petroli. Usicheke sana. Petroli za siku hizi zinazopuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda zinaota kaboni nyuma ya vali za kuingiza hewa, kwa sababu mafuta hayapiti tena pale kuziosha, na ukichukua injini ya lita moja ukaifunga tabo ukaibebesha gari zima nayo inaanza kupata magonjwa ya dizeli. Petroli nayoiamini mimi ni ile ya kizamani kidogo, haina tabo, mafuta yanapulizwa kwenye manifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa, kwa presha ya baa 3 au 4. Kwa mtu wa safari fupi fupi hiyo inaishinda dizeli yoyote mpya kwa kudumu, nasema bila kung'ata maneno. Ukivuta mizigo au unatembea mamia ya kilomita kwa siku, chukua dizeli, itakulipa.

Dada pale nyuma, ndiyo? ...Anauliza ukikosea mafuta. Petroli kwenye tangi la dizeli ndo mbaya zaidi, usiwashe, hata swichi usiizungushe, maana pampu inanyimwa ule utelezi na inaanza kutema vyuma mpaka kwenye nozeli. Vuta gari, tangi limwagwe.

Na wewe kaka? ...Anauliza ukinunua gari ya dizeli iliyotumika, uangalie nini. Chomoa stiki ya oili. Watu wanaogopa oili ikipungua, kwenye dizeli yenye chujio ogopa ikiwa imepanda juu ya alama, mara nyingi maana yake gari imejaribu kuchoma masizi kwa kupuliza dizeli ya ziada ikakatishwa katikati, ikajaribu tena, dizeli ikashukia kwenye oili. Ipake vidoleni, inuse. Ikinuka dizeli mrudishie mwenye gari ufunguo wake.