Charles West: Kutoka Matope ya Pasadena hadi Alexandria

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wanangu wanafunzi, habari za jioni.

Kila wiki ya michezo ikikaribia, wanafunzi wawili watatu hubisha hodi ofisini kwangu na swali lilelile. "Mwalimu, mpira niuache? Anatomia inanielemea." Safari hii kamati ya michezo imeniomba nizungumze nanyi wote kwa pamoja. Nimekuja na habari za mtu mmoja tu, kwa sababu nimekaa naye moyoni muda mrefu na naona hajatendewa haki. Anaitwa Daktari Charles West.

West alizaliwa mwaka 1899, akasoma katika chuo kidogo cha Washington and Jefferson. Chuo hicho kipo katika mji uitwao Washington, jimbo la Pennsylvania. Msiuchanganye na Washington ya Ikulu ya Marekani. Alikuwa kijana mweusi katika chuo cha wazungu, mwepesi wa miguu kupita kiasi. Mara mbili, mwaka 1922 na 1923, alishinda mashindano ya michezo mitano ya riadha kwenye Penn Relays, yale makubwa ya Philadelphia. Lakini jina lake lilijengwa na mpira.

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, uliochongoka ncha zote mbili, unaobebwa kwapani, unaorushwa, na kupigwa teke mara mojamoja. Ulikuwa mchezo wa hatari kwelikweli. Mwaka 1905 vijana waliokufa uwanjani walikuwa wengi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia jambo hilo. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa. Hata hivyo, enzi za West mchezaji alivaa kofia ya ngozi tu, na hata hiyo hakulazimishwa kuivaa. Aliyeshambulia ndiye huyohuyo aliyerudi kulinda.

Sasa twende Pasadena, California, tarehe 2 Januari 1922. Mchezo ni Rose Bowl, uliokuwa tayari mkubwa kuliko yote ya vyuo. Upande mmoja kuna Chuo Kikuu cha California, ambacho mwaka uliotangulia kiliwafunga Ohio State 28 kwa 0 katika mchezo huohuo. Upande wa pili ni kile chuo kidogo cha Pennsylvania, kilichovuka nchi nzima kwa treni. Mvua imenyesha, uwanja ni matope. Wachezaji 11 walioanza kwa Washington and Jefferson ndio haohao waliomaliza. Hakutoka mtu, hakuingia mtu.

Na West siku hiyo alicheza nafasi ya yule anayepokea mpira kwanza na kuongoza mashambulizi. Fritz Pollard, mweusi mwenzake wa chuo cha Brown, alikuwa amecheza Rose Bowl mwaka 1916 akiwa mkimbiaji. Katika nafasi hii ya uongozi, West alikuwa mweusi wa kwanza.

Mimi mwenyewe nilicheza mpira wa miguu nikiwa mwanafunzi, namba sita, na tope nalijua. Viatu vinakuwa vizito kama umefungiwa matofali. Mpira wa ngozi ukishalowa unateleza kama kipande cha sabuni bafuni. Mimi nilikuwa naupiga kwa mguu, mwenzangu West alitakiwa audake kwa mikono, kila mara, huku wanaume wakubwa wanamjia mbio. Mwisho ulikuwa 0 kwa 0, na hadi leo hiyo ndiyo Rose Bowl pekee iliyokwisha bila pointi hata moja. Mtu asiyejua mpira atasema hapakuwa na kitu. Ila waliobanwa na kushindwa kufurukuta walikuwa hao California, wababe wa mwaka uliopita.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia. Mimi nataka tuvuke.

Mwaka 1923, West bado yumo kikosini. Kocha sasa ni John Heisman, huyohuyo ambaye jina lake limebaki kwenye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Wakaja wageni kutoka chuo cha Washington and Lee, jimbo la Virginia, kule Kusini. Wageni wakasema: akiwepo mweusi uwanjani, hatuchezi.

Enzi hizo hilo halikuwa ombi la ajabu. Vyuo vya Kaskazini vilikuwa na mazoea: timu ya Kusini ikija, mchezaji mweusi anawekwa benchi kimyakimya, mchezo unaendelea, tiketi zinauzwa. Washington and Lee haohao walikuwa wamefanikiwa mwaka 1916 walipokwenda kucheza na Rutgers. Rutgers wakamweka nje Paul Robeson. Ndiyo, Robeson yule mwimbaji, ambaye miaka ya 1930 alikaa darasani London akijifunza Kiswahili chetu.

Safari hii jibu lilikuwa hapana. Washington and Jefferson wakakataa kumwondoa West, mchezo ukavunjika, wageni wakarudi kwao bila kukanyaga uwanja. Wanangu, naomba mlipime jambo hili. Hasara ya mapato ilikuwepo, na watu walikuwa wamekuja kutazama. Wakubwa wa chuo wangeweza kumwambia kijana apumzike siku moja tu, wala hakuna gazeti ambalo lingeuliza. Mimi nawaheshimu kwa uamuzi ule kuliko kwa Rose Bowl yenyewe.

Msije mkadhani kila aliyeruhusiwa kucheza alikuwa salama. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1923, kijana mwingine mweusi, Jack Trice wa Iowa State, aliumizwa vibaya katika mchezo dhidi ya Minnesota. Alikufa siku mbili baadaye, akiwa na umri wa miaka 21.

West akamaliza chuo mwaka 1924. Ligi ya kulipwa ilikuwa bado inapokea weusi wachache, na mtu wa kiwango chake angeweza kujaribu. Mlango huo ulikuja kufungwa kabisa baada ya msimu wa 1933, haukufunguliwa tena hadi 1946. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington DC, kusomea udaktari. Mpira hakuutupa: aliwahi kuifundisha timu ya Howard. Kwa hiyo wale wanaonijia ofisini na swali lao, mnaona kwamba mwenzenu alivishika vyote viwili.

Kwa nini Howard? Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti yake maarufu juu ya shule za udaktari za Marekani. Ripoti ile ilisafisha mengi, na sisi walimu tunaisifia darasani. Tunasahau kusema kwamba shule saba za udaktari za watu weusi zilizokuwepo, Flexner aliona zibaki mbili tu, Howard na Meharry ya Nashville. Zile tano zikafungwa. Kwa miongo mingi, karibu kila daktari mweusi Marekani alipitia moja ya malango hayo mawili. Idadi yao ikabaki ndogo mno kwa watu waliohitaji kutibiwa.

Alipohitimu, West alivuka Mto Potomac akafungua kazi Alexandria. Na Alexandria iko Virginia.

Virginia, jimbo la chuo kile kilichokataa kusimama naye uwanja mmoja. Tena si Virginia iliyokuwa imelainika. Mwaka uleule wa 1924 jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuwagawa watu kwa rangi kwenye vitabu vya usajili na kuzuia mzungu kuoana na asiye mzungu. Mjini Alexandria mwenyewe, mwezi Agosti 1939, vijana watano weusi waliingia maktaba ya umma, wakaomba kadi, wakanyimwa. Kila mmoja akachukua kitabu rafuni, akakaa meza yake, akaanza kusoma. Wakakamatwa na polisi. Mwaka uliofuata mji ukawajengea weusi maktaba yao pembeni.

Katika mji wa namna hiyo, daktari mweusi alifanyaje kazi? Chama cha Madaktari cha Marekani kiliviachia vyama vya mikoa vikatae wanachama weusi, na mahali pengi bila uanachama huo daktari hakupata ruhusa ya kulaza wala kupasua katika hospitali ya mji. Unamhudumia mjamzito miezi minane, uchungu ukienda vibaya unamkabidhi mlangoni kwa daktari mwingine, wewe unabaki nje. Madaktari weusi walianzisha chama chao mwaka 1895 kwa sababu hiyo. Kile chama kikubwa kiliomba radhi mwaka 2008. West alikuwa amefariki mwaka 1979, baada ya kutibu watu Alexandria kwa karibu nusu karne.

Nilipokuwa zahanati, kabla sijawa mwalimu, tulikuwa tunaandika wagonjwa kwenye kauntabuku. Tunapiga mistari kwa rula: tarehe, jina, umri, mtaa, tatizo, dawa. "Homa siku 3." "Kuharisha, mtoto, miezi 9." Mwisho wa mwaka kauntabuku linajaa, linafungwa kamba, linapandishwa juu ya kabati, panya wanaanza na kona. Siku moja nilishusha la miaka sita nyuma, kwa ajili ya rufaa ya mama mmoja. Katika kulifunua nikaona mwandiko wangu ukurasa baada ya ukurasa, na watu wale wengi sikuwakumbuka hata kwa sura. Nilikuwa nimewatibu, wakapona, wakaenda zao.

Ndiyo maana habari za West zinanikaa. Ile alasiri ya matope Pasadena imeandikwa, imechambuliwa, na watu wanaijua hadi leo. Ile miaka ya Alexandria, ya kuamshwa usiku na kuzalisha na kufunga vidonda vya watu waliokuwa na madaktari wachache wa kukimbilia, imeandikwa sentensi moja: "baadaye akawa daktari." Baadaye! Kama vile ni kitu alichoshika akisubiri uzee.

Mwaka 2017 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rose Bowl. Nilifurahi sana niliposoma. Wamemwandika kwa kazi ya siku moja, nami jioni hii nimekuja kuwaongezea ile ya miaka hamsini.

Nadhani kuna mikono imeinuliwa pale nyuma. Karibu dada, uliza.