Mvutaji anayejificha hawezi kuhesabu

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, karibuni. Viti vipo huku mbele.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Nitalisema tena, kwa sababu meza ni zilezile barabarani: paketi imefunguliwa, kiberiti kiko pembeni, mtu anatoa noti yake ndogo na kupewa sigara moja. Kwamba sigara inaua, sitapoteza muda. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja ni watu ambao hawakuvuta, walikaa tu karibu na moshi wa wenzao. Mnajua. Leo nataka tuzungumze franka.

Mvutaji wetu asiye na pesa nyingi hanunui paketi. Ananunua moja akienda kazini, moja baada ya bukari, yaani ugali wetu, moja jioni akipiga soga. Tuseme moja ni franka 200. Bei ya leo mnaijua, ikiwa si hiyo badilisheni hesabu. Sigara 8 kwa siku ni franka 1,600. Nani analia kwa ajili ya franka 1,600? Lakini kwa siku 30 ni 48,000, na kwa mwaka ni 584,000. Tuseme tena kwamba paketi ya sigara 20 ni franka 3,000, yaani 150 kwa kila moja. Basi anayenunua moja moja anaongeza franka 50 kila mara, 400 kwa siku, 146,000 kwa mwaka, kwa sigara zilezile. Asiye nacho ndiye anayelipa bei ya juu. Jambo hili linanikasirisha tangu zamani, na leo pia linanikasirisha.

Najua kuna anayesema moyoni, "Basi nitanunua paketi." Hapana, baba. Paketi ikilala mfukoni inavutwa, na wewe mwenyewe unajua kwamba usiku usingetoka kutafuta ya tisa kama isingekuwa pale. Mwingine anasema, "Nitasokota tumbaku kwenye karatasi, ni rahisi." Moshi wake una sumu ileile. Mwingine, "Nitapunguza, kutoka 8 hadi 4." Mfuko utapona kidogo, ndiyo. Lakini mwili uliozoea nikotini unamfanya mtu avute kwa nguvu na kuushika moshi ndani muda mrefu zaidi, na hatari ya moyo haipungui kwa nusu eti kwa sababu sigara zimepungua kwa nusu. Hata sigara chache kwa siku zinatosha kuuumiza moyo. Punguza ikiwa umeshaweka tarehe ya kuacha. La sivyo utarudi palepale.

Sasa, kwa nini hesabu hii nyepesi hivi mvutaji haifanyi? Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa ninyi msiovuta.

Kuna fundi mmoja wa kulehemu milango ya chuma, jirani wa zamani. Mtu mpole, mwenye kazi. Mke wake alikuja kwetu analia: pesa za nyumba zinapotea, bila shaka mume ana mwanamke mwingine. Anatoka jioni, anakawia, akirudi ameoga na ananuka sabuni. Mngefikiri nini? Familia ikaitwa, wajomba wakakaa. Yule baba akanyamaza, akatazama chini, hakujitetea hata kwa neno moja. Alikuwa radhi adhaniwe mzinzi kuliko kusema kweli, na kweli ilikuwa kwamba anavuta sigara. Kanisani kwake walikuwa wamehubiri kwamba mvutaji ana pepo. Baba mkwe alikuwa amesema hadharani kwamba mtu wa sigara hawezi kumtunza binti yake. Basi alikuwa anapanda basi kwenda mtaa mwingine, mahali wasipomjua, anavuta mbili tatu, ananunua bomboni za menta, ananawa mikono na mdomo, anarudi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, bomboni, sabuni. Tulipokaa naye hatimaye, sisi wawili na daftari la shule, tukaandika kila kitu kwa wiki chache, na kila franka ikapata mstari wake. Gharama ya kujificha ilizidi gharama ya sigara. Alipoona jumla alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nimekosea kujumlisha. Nikampa kalamu ajumlishe mwenyewe.

Ninyi mnaomcheka mvutaji, mnaomwita mhuni, mnaohamisha kiti anapoketi ingawa hajawasha kitu, hiyo nauli na hiyo sabuni mmechangia ninyi. Mtu hawezi kufungua daftari la jambo analolificha. Hawezi kumwambia mke wake, "Nishikie hizi franka 1,600 kila asubuhi, nikiziomba usinipe." Na msaada wa kwanza wa mtu anayeacha ni yule anayelala naye nyumba moja.

Tena tunachagua nani wa kumdharau. Nyanya zetu kule vijijini wananusa tumbaku, tunawaletea zawadi ya tumbaku tukienda likizo, na hakuna anayewaita wahuni. Nikotini ni ileile. Kijana akiwasha sigara tunasema amepotea. Mama akiwasha, hapo maneno yanayotoka siwezi kuyarudia ndani ya parokia.

"Kwa hiyo tuwapigie makofi?" Hapana! Moshi ndani ya chumba cha mtoto, ndani ya basi, hapa ukumbini, ukatae bila kuona haya. Mwambie atoke nje. Lakini akimaliza, arudi, akute kiti chake na salamu yake. Nimesema haya mara nyingi na bado kuna wazee wanaodhani nawatetea wavutaji. Natetea nyumba zao.

Naonyeshwa saa, basi haraka. Kuhusu hizi za moja moja: nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kukataza kuuza sigara moja moja, kwa sababu ndiyo njia mtoto anavyoweza kuimudu. Mkiwaona viongozi wa mtaa, waulizeni. Nilitaka kusema juu ya wachimbaji na vumbi, na kifua kikuu, ambacho humpata mvutaji kwa urahisi zaidi. Tutapanga siku nyingine.

Kwa anayetaka kuanza kesho: siku za kwanza ni ngumu, hasira na usingizi mbaya vitakuja, halafu ndani ya wiki mbili hadi nne vinapungua sana. Hamu ikija inadumu dakika chache; tembea, kunywa maji, ongea na mtu. Mapigo ya moyo yanaanza kushuka dakika 20 baada ya sigara ya mwisho. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Ukianguka ukavuta moja, usiseme yote yamekwisha, endelea palepale. Na franka zako usiziache mfukoni, zitatafuta meza. Mpe mke, mpe mama, au ingia likelemba ya jirani, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, zamu yako ipangwe mwanzo wa mwaka wa masomo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini ya sekondari minervali, yaani karo, inawasubiri, na 48,000 za kila mwezi zinafanya kazi pale.

Madaftari yako mezani kwa yule mama wa kitambaa cha kijani. Yeyote achukue, hata asiyevuta, hakuna atakayeandikwa jina. Baba pale nyuma ana mkono juu. Sema, baba.