Aliyetega Alikuwa na Jibu? Mhadhara Kuhusu Mwisho wa Tamthilia ya Lost, Uliotolewa Tabora

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wa fasihi, na ninyi ndugu watazamaji mliotoka Ng'ambo, Kiloleni, Ipuli na Isevya kwa ajili ya ubishi tu, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Lost, iliyorushwa Marekani na kituo cha ABC tarehe 23 Mei 2010, na nieleze kwa nini watu walioitazama zamani bado wanapandishiana sauti kila inapotajwa. Wengi wetu hapa hatukuiona siku hiyo. Tuliipata baadaye, kwenye diski zilizobeba msimu mzima au kwa kurushiwa kwenye flashi pale mjini, na jambo hilo limeathiri hata namna tunavyobishana.

Niseme msimamo wangu mapema, ili anayetaka kukasirika asisubiri. Watu husema ugomvi ni juu ya maswali yaliyoachwa bila majibu. Mimi naona ugomvi ni juu ya mapatano: waandishi walipatana nini na watazamaji mwanzoni, na je, walipofika mwisho walikuwa bado wanayatimiza mapatano yaleyale?

Kwa wale ambao hawajaitazama, ndege ya Oceanic 815 inayotoka Sydney kwenda Los Angeles inaanguka kwenye kisiwa kisichojulikana. Manusura wanakuta msitu wenye moshi mweusi unaoua watu, dubu wa barafuni aliye katika nchi ya joto, tundu lenye mfuniko wa chuma lililochimbiwa ardhini, na namba sita zinazojirudia kila mahali: 4, 8, 15, 16, 23 na 42. Tamthilia ilianza Septemba 2004, ikaenda misimu sita, na karibu kila sehemu inachanganya maisha ya kisiwani na kisengere nyuma kinachotuonyesha mhusika mmoja alivyokuwa kabla ya ajali. Kumbukeni mchanganyiko huo, kwa maana ndiko ugomvi ulikozaliwa.

Sisi tumekulia kwenye vitendawili, na sheria ya kitendawili inajulikana na kila mtoto. Mmoja anatega, wengine wanabahatisha, na wakishindwa wanampa mji, naye anautembelea mji huo kwa maneno kisha anatoa jibu. Anayetega anaruhusiwa kuchelewesha, kutamba, hata kuukataa mji wa kwanza na kudai mkubwa zaidi. Kitu kimoja hakiruhusiwi kabisa, nacho ni kutega wakati hana jibu. Shutuma kali kuliko zote dhidi ya Lost ni hiyo hiyo: kwamba waandishi, wakiongozwa na Damon Lindelof na Carlton Cuse, walitega bila jibu, wakapokea miji yote tuliyokuwa nayo, kisha wakatuimbia wimbo wa kutuaga.

Je, shutuma hiyo ni ya haki? Kwa kiasi fulani ni ya haki, na lazima tukubali. Tamthilia ya aina hii haiandikwi kama riwaya ambayo mwandishi anaikamilisha ndipo aipeleke kwa mchapishaji. Sehemu ya kwanza inakuwa hewani huku za baadaye zikiwa hazijaandikwa. Jack, daktari ambaye baadaye alibeba hadithi nzima, alikusudiwa kufa katika sehemu ya kwanza kabisa. Michael Emerson aliajiriwa kama mgeni wa sehemu chache tu, akacheza vizuri mno, na kutokana na uigizaji wake akapatikana Ben Linus, kiongozi wa wale wanaoitwa Wengine, yaani watu waliokuwa wakiishi kisiwani kabla ya ajali. Walt, mtoto aliyedokezwa kuwa na uwezo wa ajabu, aliigizwa na kijana aliyekuwa anarefuka kila mwaka, ilhali msimu wote wa kwanza unasimulia takribani siku 44. Mtoto hawezi kuota ndevu katika muda huo, kwa hiyo akaondolewa kisiwani, na fumbo lake likaondoka naye. Naye mwigizaji wa Bwana Eko aliomba kuondoka, Eko akauawa na moshi katika msimu wa tatu. Visasili vya kisiwa vilikua kwa ajali za namna hii, na mtu anayedai kwamba kila kitu kilipangwa tangu siku ya kwanza anawapa waandishi sifa ambayo wao wenyewe hawakuidai.

Hata hivyo, kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, na nashangaa kwamba wabishi wetu huipita haraka. Kwa miaka mitatu ya mwanzo waandishi hawakujua hadithi itaisha lini. Kituo cha biashara hakifungi duka linalouza, na tamthilia yenye watazamaji wengi huendelea mpaka watazamaji waichoke. Sasa mtu atatoaje jibu la fumbo kuu katika msimu wa tatu, kama huenda akalazimika kujaza misimu tisa? Atachelewesha. Ataongeza kituo kingine cha Mradi wa DHARMA, yaani kundi la watafiti waliowahi kuishi kisiwani, atawafungia wahusika wake ndani ya vizimba vya wanyama, na atatumia sehemu nzima kueleza Jack alichorwa wapi michoro ya mwilini. Sehemu hiyo ya michoro ilidharauliwa sana, na Lindelof amesimulia kwamba ndiyo iliyomsaidia kukishawishi kituo kwamba hadithi isiyo na tarehe ya mwisho inaoza. Mei 2007 ikatangazwa kwamba zimebaki sehemu 48, katika misimu mitatu, na kwamba mwisho utakuwa 2010. Mgomo wa waandishi ulipunguza msimu wa nne, lakini tarehe haikuguswa.

Tazameni kilichotokea mara baada ya hapo. Msimu wa tatu ulifungwa kwa sehemu ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko zote: tunamwona Jack mwenye ndevu, mlevi, anayetaka kujirusha kutoka darajani, na kwa mazoea yetu tunadhani ni kisengere nyuma, mpaka dakika za mwisho anapokutana na Kate, manusura mwenzake, nje ya uwanja wa ndege na kumwambia kwamba ni lazima warudi. Kumbe ni kisengere mbele. Walikwisha kuokolewa, na kuokolewa kwenyewe kumekuwa msiba. Hiyo ni taharuki ya mtu anayejua anakokwenda, na ndiyo sababu nakataa kuihukumu tamthilia yote kwa kipimo kimoja. Mzigo wa misimu mitatu ya kwanza uliachwa mlangoni mwa misimu mitatu ya mwisho.

Sasa tuje kwenye majibu yenyewe, kwa sababu wapo wanaosema hayakutolewa, na hao wamekosea. Chukueni zile namba. Mwaka 2006 waandaaji waliendesha mchezo wa intaneti nje ya tamthilia, na humo namba zikaelezwa kuwa sehemu ya mlinganyo unaotabiri mwisho wa binadamu, na Mradi wa DHARMA ukawa unajaribu kuibadilisha hata moja. Kisha katika msimu wa sita tunaingizwa pangoni na kuonyeshwa kwamba kila namba ni ya mtu ambaye Jacob, mlinzi wa kisiwa, alimfikiria kuwa mrithi wake: 4 ni Locke, 8 ni Reyes, 15 ni Ford, 16 ni Jarrah, 23 ni Shephard, 42 ni Kwon. Hapo swali moja lina majibu mawili, moja la kihesabu na moja la kiukoo, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini namba hizohizo zilimshindia Reyes bahati nasibu. Mtazamaji anatoka na majibu mawili mkononi akiwa hajashiba. Kwa hiyo jibu kutolewa ni jambo moja, na jibu kutosheleza ni jambo jingine.

Kisa cha jibu lililonikera mimi binafsi ni sehemu ya mama na mapacha, iliyorushwa wiki mbili hivi kabla ya mwisho. Humo tunaelezwa Jacob na ndugu yake asiye na jina walilelewa vipi, moshi mweusi ulitokana na nini, na ile mifupa miwili ya pangoni, iliyoonekana tangu msimu wa kwanza, ilikuwa ya nani. Majibu ni mengi, lakini yote yanategemea mwanga fulani ulio ndani ya pango, ambao haukuwahi kutajwa kabla ya hapo. Kuingiza msingi wa nyumba baada ya kuezeka paa, huo ni ujenzi wa hatari.

Lakini hapa niwape haki watu wa kwetu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba bibi yake, waliyekuwa wakitazama naye pale Kanyenye, hakushangazwa na Jacob hata kidogo. Katika masimulizi ya Unyamwezi mtemi hakuwa mtawala wa kukusanya kodi tu. Mvua, rutuba na afya ya nchi vilihusishwa naye, na urithi wake ulikuwa jambo la watu wote. Mtu aliyekua na masimulizi hayo akimwona Jacob anampa Jack maji anywe, na tangu hapo Jack anakuwa mlinzi, haulizi mwanga umetengenezwa na nini. Anauliza kama mrithi anafaa. Na kwa swali hilo tamthilia inajibu vizuri sana: Jack aliyekuwa hawezi kuacha kurekebisha kila kilichovunjika anajifunza kukabidhi, na kazi inakwenda kwa Hurley, yule Reyes wa namba 8, mtu mpole ambaye hakuitaka kamwe. Mwalimu wa fizikia aliyekaa safu ya pili anatikisa kichwa, nami namwelewa. Kwake lile jiwe la kwenye pango la mwanga, ambalo mhusika aitwaye Desmond analing'oa na Jack analirudisha, litabaki kizibo cha chupa.

Nafika kwenye ugomvi mkubwa, yaani madai kwamba wote walikufa katika ajali na kisiwa kilikuwa kama ahera. Hapa sitasema kwamba kila mtu ana maoni yake. Matini inakataa. Msimu wa sita unasimulia mistari miwili: maisha ya kisiwani, na maisha ya pembeni ambamo ndege haikuanguka. Ni hayo ya pembeni tu ndiyo yaliyo baada ya kifo. Kanisani, ambako maisha hayo ya pembeni yanaishia, Christian Shephard anamweleza mwanawe Jack waziwazi kwamba yaliyomtokea yalikuwa kweli, kwamba kila mtu hufa siku yake, wengine walimtangulia na wengine walikufa muda mrefu baada yake, na kwamba mahali pale walipaumba pamoja ili waonane tena. Kama wote walikufa siku moja, maneno hayo hayana maana.

Kosa hilo lilitoka wapi, basi? Sehemu moja ni uvivu wa kusikiliza. Sehemu nyingine ni kwamba ABC iliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, pasipo mtu yeyote, zipite pamoja na orodha ya majina ya mwisho. Kituo kilieleza baadaye kwamba kilitaka kumpa mtazamaji nafasi ya kupumua kabla ya taarifa ya habari, na kwamba picha hizo hazikuwa sehemu ya hadithi. Lakini watu waliokwisha kufundishwa kwa miaka sita kwamba kila picha ni dokezo wangefanya nini? Walizisoma kama dokezo. Siwalaumu sana.

Hapa ndipo tofauti yetu sisi tuliotazama kwa diski inapojitokeza. Mtazamaji wa Marekani alikaa tangu Mei hadi mwaka uliofuata akilitafuna swali moja, na kadiri alivyolitafuna ndivyo lilivyokua, mpaka jibu lolote likawa dogo mbele yake. Sisi tulimaliza msimu katika wikendi moja, umeme ukiruhusu. Nimeona hapa Tabora kwamba wanaoutetea mwisho ni wengi miongoni mwa waliotazama kwa mfululizo, kwa sababu kwao Sun na Jin, wale mke na mume, walizama juzi tu, na bado wana majonzi ya watu kuliko hamu ya kujua mambo.

Kuna kipimo kimoja kinachoniridhisha zaidi ya hoja zote. Agosti 2010 diski zilitoka zikiwa na nyongeza ya dakika kama 12. Ndani yake Ben anafika kwenye ghala la DHARMA huko Guam, linaloendelea kutuma shehena za chakula kisiwani kwa kuwa hakuna aliyewaambia wafanyakazi wake waache. Anawaonyesha mkanda unaoeleza dubu waliletwa kwa utafiti gani, kisha anakwenda kumchukua Walt, aliyekwisha kuwa kijana, ili arudi kisiwani akafanye kazi. Chakula, dubu na Walt ni mafumbo matatu yaliyolalamikiwa kwa miaka, na yote yakajibiwa ndani ya muda wa kunywa chai. Sijakutana na mtu aliyeuchukia mwisho akaupenda baada ya kuiona nyongeza hiyo. Kama tatizo lingekuwa upungufu wa majibu, wapo ambao wangeridhika.

Nimalizie na Ben mwenyewe, kwa kuwa najua mmoja wenu amekuja na daftari zima juu yake. Wenzake wanaingia kanisani, Locke, ambaye Ben alimuua, amekwisha kumsamehe, Hurley anamkaribisha, naye anasema kwamba bado ana mambo ya kushughulikia, anabaki nje. Wapo wanaosema anajiona hastahili. Wapo wanaosema anamsubiri Alex, binti aliyemlea na kumwacha auawe mbele yake, ambaye katika maisha ya pembeni ni mwanafunzi wake, na ambaye mama yake, Danielle, anamkaribisha Ben mezani kwa chakula. Mimi nashika upande wa pili, kwa sababu uso wake pale mezani, Danielle anapomwambia kwamba amekuwa kama baba kwa Alex, ni ushahidi tulioonyeshwa, ilhali lile la kwanza tunalikisia. Kipaza sauti kiko upande wa dirisha. Anayetaka kunipinga anapingwa nami kwa furaha, ila ataje msimu na sehemu.