Burén: Kikaango cha Udongo cha Wataino

ZUHURA: Leo tuko visiwa vya Karibiani, Hamisi, kwa Wataino, wenyeji wa huko kabla ya Wahispania kufika. Chakula ni muhogo mchungu, kwa hiyo ndugu zetu wa Mtwara watatuelewa upesi.

HAMISI: Na muhogo wenyewe Wareno waliutoa huko Amerika wakauleta Afrika. Haya, hicho kikaango kikoje?

ZUHURA: Burén ni bamba la udongo la mviringo, nene, zito, halina mpini. Juu limesuguliwa likawa laini, chini wameliacha na mikwaruzo yake. Unalitenga juu ya mafiga, unachochea kuni. Hapo ndipo palipookwa casabe, mkate wa muhogo.

HAMISI: Kwa mafuta?

ZUHURA: Wala tone! Hamira hakuna, maji huongezi. Unga wenye unyevunyevu unamwagwa juu ya burén ya moto, unatandazwa, unagandamizwa. Wanga wenyewe unashikana kwa joto, mpaka unaunyanyua mkate mzimamzima na kuugeuza.

HAMISI: Na sumu?

ZUHURA: Imeshatoka. Muhogo unakunwa kwenye guayo, ubao uliopachikwa vijiwe vikali, kisha unajazwa kwenye cibucán. Unakijua kifumbu cha kuchujia tui? Basi kifanye kirefu na chembamba, kitundike mtini, huku chini umekifunga kitu kizito. Kinavutika, kinabana, maji yenye sianidi yanachuruzika. Maji hayo mabichi yanaua. Wao waliyachemsha sana, wakapata mchuzi.

HAMISI: Ujasiri huo! Sasa tuje kwa wanaakiolojia. Wakiokota kigae cha burén tu, basi: "hapa walikula muhogo."

ZUHURA: Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo, kigae kimoja na hukumu imetoka. Baadaye wakaanza kutazama kwa darubini chembe za wanga zilizonasa kwenye udongo. Wakakuta mahindi, viazi vitamu, maharage, na zamia, mmea wenye shina la wanga, ambao nao una sumu yake. Vigae vingine havikuwa na muhogo kabisa.

HAMISI: Hapo nawatetea kidogo. Chembe za wanga zikiiva zinaharibika. Kutoonekana si kusema haukupikwa.

ZUHURA: Sawa, lakini hata hayo mahindi yalipita motoni. Bamba zito namna ile, nani alifinyange, alichome, halafu alitumie kwa chakula kimoja tu?

HAMISI: Hilo nakupa. Wahispania je?

ZUHURA: Casabe iliyokaushwa vizuri inakaa miezi, na wao walikuwa wanataka chakula cha melini. Hernán Cortés, kamanda wa Wahispania, alipoondoka Cuba mwaka 1519 kwenda Mexico, shehena ilikuwa casabe na nyama ya nguruwe. Jeshi likala mkate wa watu ambao ukoloni wenyewe ulikuwa unawamaliza kwa kazi za shuruti na magonjwa.

HAMISI: Dah. Mpaka leo unaokwa?

ZUHURA: Sana. Mji wa Monción, Jamhuri ya Dominika, unajulikana kwa casabe. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi huo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, kwa ombi la pamoja la Cuba, Jamhuri ya Dominika, Haiti, Honduras na Venezuela. Ila burén za udongo zimepungua. Kule Loíza, Puerto Rico, wanaita burén hivyo hivyo, lakini bamba ni la chuma.

HAMISI: Na ladha?

ZUHURA: Yenyewe imepooza. Wadominika wanakula na parachichi.

HAMISI: Na chumvi kidogo. Hapo umenipata.