Tumbo la Mama na Togwa ya Kibwana

MWAJU: Karibuni wapenzi wasikilizaji. Mimi Mwaju, na pembeni yangu yupo yule yule.

KIBWANA: Yupo, na ameshiba.

MWAJU: Wiki hii mama yangu kaja kutoka Mkuranga. Tumbo limemjaa gesi, choo hapati. Nikaenda duka la dawa Kariakoo, nikauziwa kopo la probiotiki, vile vidonge vyenye bakteria hai. Bei yake si ya kitoto.

KIBWANA: Kopo lilikuwa limekaa wapi?

MWAJU: Dirishani, jua la saa nane linalipiga. Nafika nyumbani nasoma ubavuni: hifadhi kwenye friji.

KIBWANA: Basi huenda umeuziwa marehemu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walishaeleza mwaka 2001: probiotiki ni vijidudu hai, na viwe vya kiasi cha kutosha kumfaa anayevitumia. Hai, Mwaju! Ndiyo maana mimi nasema togwa.

MWAJU: Imeanza.

KIBWANA: Sikiliza, dada yangu. Wakwe zangu Songea wanapika uji kwanza, wanauacha upoe, ndipo wanatia kimea cha ulezi. Unafunikwa hadi kesho yake, unakuta umelainika, una utamu na uchachu kwa mbali. Haurudi tena jikoni, kwa hiyo wale bakteria wanaingia tumboni wazima. Ukichachusha halafu ukachemsha, umewaua.

MWAJU: Na ukiisahau je?

KIBWANA: Ikikaa siku nyingi inaelekea kwenye pombe. Hiyo si ya mama.

MWAJU: Mama ana kisukari, Kibwana. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, huo utamu unaousifia ndio huo.

KIBWANA: Basi mgando, asiutie sukari. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo utie kijiko cha mgando wa jana. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Ila togwa, kikombe kidogo tu...

MWAJU: Hapana! Nilitaka tuanze na hili: kule Mkuranga mama anatembea kwenda shambani, kisimani, kwa jirani. Hapa kwangu anakaa kwenye kochi, anaogopa bodaboda. Maji anayakwepa jioni asishuke ngazi usiku kwenda chooni. Juu yake anameza vidonge vya kuongeza damu, na vyenyewe vinafunga choo.

KIBWANA: Hapo sina ubishi. Utumbo wa mzee unasukuma taratibu, ukimkalisha na kumnyima maji unazidi kulala. Kuna utafiti wa Marekani, ulitoka 2018: watu waliozoea kukaa walifanyishwa mazoezi wiki sita, bakteria wazuri wa utumbo wakaongezeka. Walipoacha, wakapungua tena.

MWAJU: Wale hawakuwa wazee lakini.

KIBWANA: Kweli, hawakuwa. Ila mtembeze mama, kisha umpe tog...

MWAJU: Usiseme! Mimi bado nataka kidonge, cha duka linalojua kutunza. Kimeandikwa ni bakteria gani na wako wangapi. Mgando wa nyumbani nitahesabu na nini? Naweza kumwonyesha daktari kopo, siwezi kumwonyesha kibuyu.

KIBWANA: Madaktari wa tumbo wa Marekani waliupitia ushahidi mwaka 2020. Kwa magonjwa mengi ya tumbo hawakupendekeza vidonge hivyo. Mgando hata usipoponya choo, una protini na kalisi, na mzee anavihitaji. Kidonge kisipofanya kazi, umekula hasara.

MWAJU: Na togwa yako? Imepimwa hapa Tanzania, ndiyo, kwa watoto wenye kuharisha. Mama yangu ana miaka 71 na hapati choo. Unachukua majibu ya mtoto anayeharisha unampa mzee aliyefunga?

KIBWANA: Nampa chakula alichokulia.

MWAJU: Naye anaumwa leo.

KIBWANA: Hatutaelewana.

MWAJU: Hatutaelewana. Na ona, wenzetu wa kipindi kinachofuata wameshasimama mlangoni. Nilikuwa na karatasi nzima hapa: dakika 150 za kutembea kwa wiki, mazoezi ya misuli mara mbili, ya kusimama bila kuyumba mara tatu, maharage, mchicha, papai...

KIBWANA: Wiki ijayo.

MWAJU: Hili siliachi. Mzee wako akiona damu chooni, au anakonda bila sababu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama kinga ya mwili wake imeshuka, anatumia dawa za saratani kwa mfano, asimeze bakteria wowote kabla ya kumuuliza daktari.

KIBWANA: Hata wa togwa?

MWAJU: Hata wa togwa. Zima mashine, wanagonga.