Kutoka Kisa hadi Swali: Kupata na Kupanga Riwaya ya Kwanza

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumze juu ya namna mwandishi chipukizi anavyoweza kupata wazo la riwaya yake ya kwanza na kulipanga, nami nitaanza na jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowakwamisha wengi. Mwandishi mchanga huja na kisa kizuri: mirathi iliyowagombanisha ndugu, harusi iliyovunjika usiku wa kuamkia siku yenyewe, mtu aliyerudi baada ya kudhaniwa amekufa. Visa vya namna hiyo vimejaa kila mahali, na kisa peke yake hakijawa wazo la riwaya. Huwa wazo pale mwandishi anapokiuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake, tena swali zito kiasi cha kumrudisha mezani siku baada ya siku hata baada ya hamu ya mwanzo kupoa.

Mtazameni mwandishi wa riwaya Leo Tolstoy. Mwezi Januari mwaka 1872, si mbali na nyumbani kwake nchini Urusi, mwanamke aliyekuwa akiishi na jirani wa Tolstoy alijitupa mbele ya treni baada ya kuachwa kwa ajili ya mwingine, na Tolstoy alikwenda akauona mwili wake. Habari ya gazeti ingeimaliza mada hiyo kwa aya mbili. Yeye alianza kuandika mwaka uliofuata, na mwaka 1875 riwaya yake Anna Karenina ikaanza kuchapishwa kwa mfululizo. Mhusika wa riwaya ana jina la kwanza la marehemu na kifo chake, lakini ndoa yake, mwanawe, mpenzi wake na tabaka lake ni vya kubuni. Kwa maneno mengine, tukio lilimpa mwandishi mwisho wa hadithi, naye akarudi nyuma kuuliza jinsi mtu mwenye akili, uzuri na heshima anavyofikishwa mahali kama pale, hatua kwa hatua, huku kila hatua ikionekana machoni pake kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Wapo wengine ambao hata kisa hawana, na hao huambiwa wangoje msukumo. Ushauri huo siupendi. Mwaka 1816, karibu na Ziwa Geneva, mshairi Mwingereza Lord Byron alipowapendekezea wenzake kwamba kila mmoja atunge hadithi ya kutisha, Mary Shelley, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliulizwa asubuhi baada ya asubuhi kama amepata hadithi yake, na kila mara akalazimika kujibu kwamba bado. Wazo la Frankenstein, riwaya ya mtu anayeunda kiumbe na kukipa uhai, iliyochapishwa mwaka 1818, lilimjia usiku mmoja katika njozi, na njozi hiyo ndiyo watu wanayopenda kuisimulia. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya njozi alikuwa amekaa akisikiliza mjadala mrefu wa Byron na mshairi Percy Shelley, mume wake wa baadaye, kuhusu asili ya uhai na uwezekano wa kumhuisha maiti. Usingizi haukumletea kitu ambacho hakuwa nacho. Ulipanga upya kile alichokuwa amekusanya. Kwa hiyo anayetafuta wazo na awe na daftari, asome vitabu vilivyo nje ya mazoea yake, asikilize watu wanavyojitetea, na anapoandika tukio aongeze sentensi moja inayoeleza ni nini hasa katika mwenendo wa mtu yule kilichomshangaza. Sentensi hiyo ya ziada huwa na thamani kuliko tukio lenyewe.

Swali likishapatikana, kupanga huanza na mhusika mkuu: anataka nini, nani au nini kinamzuia, na atapoteza nini akishindwa. Mpango mbaya naujua kwa neno moja, nalo ni “halafu”: anasafiri, halafu anaugua, halafu anakutana na rafiki wa zamani. Matukio yaliyounganishwa hivyo yanaweza kubadilishana nafasi bila msomaji kugundua. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, binti analelewa na baba mkali anayemkataza kabisa kuwa karibu na wavulana. Kwa sababu hiyo anapokwenda masomoni, mbali na jicho la baba, hajui namna ya kujilinda wala kujiongoza, na kuporomoka kwake kunatokana na ulinzi uleule uliokusudiwa kumwokoa. Huwezi kuondoa hatua moja pale bila zilizobaki kulegea. Jaribuni muhtasari wenu kwa kuweka “kwa sababu hiyo” kati ya kila sura na inayofuata. Panapokataa, hapo msuko, yaani mfuatano wa sababu na matokeo, umekatika.

Nafsi ya usimulizi huchaguliwa kwa haraka mno. Nafsi ya kwanza humleta msomaji karibu, lakini msimulizi wake hawezi kueleza asichokishuhudia au kukisikia, na kama siri kuu ya riwaya iko kwa mtu mwingine, mwandishi atajikuta akimfanya msimulizi asikilize milangoni kila sura. Andikeni tukio moja, kurasa mbili tu, kwa nafsi ya kwanza na kisha kwa nafsi ya tatu, mlinganishe. Kuhusu mandhari sina mengi: chagueni mnayoyajua au mtakayokuwa tayari kuyachunguza.

Hesabu ya kazi inatisha kuliko kazi yenyewe. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 1,500 kwa wiki, na katika wiki 40 rasimu ya maneno 60,000 imekamilika. Hatari kubwa ni kurudi kuisafisha sura ya kwanza kila mara, kwa sababu sura hiyo haiwezi kuhukumiwa kabla mwisho haujulikani. Mkifika sura ya nane mkaona kwamba mhusika alipaswa kuwa na dada, liandikeni hilo pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha endeleeni kana kwamba dada huyo alikuwapo tangu mwanzo. Marekebisho yatasubiri rasimu ya pili. Sasa nitapokea maswali, na ningependa tuanze na wale ambao tayari wameandika sura kadhaa wakakwama.